Hospitali Niliiandika ya Nne

Wasomaji wangu, tuliachana wiki iliyopita nikiwa na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili. Umeme ulikuwa umekatika jiji zima, Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi. Aliyenipigia alikuwa mtunza jenereta wa hospitali ya jiji, mzee mpole ambaye hajawahi kunipigia kwa jambo la furaha.

"Mama, limegoma," alisema. Akakata.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni mkaguzi wa mitambo wa halmashauri ya jiji. Kazi yangu ni majenereta ya akiba, yale yanayotakiwa kuwaka umeme mkubwa ukizima. Mwaka jana halmashauri ilipata fedha za kubadilisha majenereta chakavu kwenye majengo manne: mtambo wa kusukuma maji, kituo cha zimamoto, makao makuu ya jiji na hospitali. Fedha zilitosha majengo matatu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika lipi litangulie na lipi lifuate. Hospitali ikaja ya nne, ikaambiwa isubiri bajeti ya mwaka ujao.

Na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, figo zake zilishaacha kazi. Husafishwa damu kwa mashine kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hospitali hiyohiyo.

Nilitua kikombe nikakimbilia gari la idara.

Umeme ukikatika mchana watu hawaoni giza, kwa hiyo hawaogopi. Walikuwa wametoka milango ya ofisi wanapunga upepo na kupiga soga. Lakini taa za kuongozea magari zilikuwa zimezimika, na kwenye njia panda ya kwanza kila dereva alikuwa amejipa haki ya kupita. Nilikaa pale dakika nne. Ya tano nikazima injini, nikachukua sanduku la spana, nikaliacha gari palepale katikati ya barabara. Wenye honi nikawaachia honi zao.

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, buti za kazi, sanduku zito kama mtoto wa kunyonya. Mtu mmoja kando ya njia akaniuliza nani kaiba. Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Chumba cha jenereta kiko nyuma ya jengo la kufulia mashuka. Mtunza alikuwa amevua shati, jasho linamchuruzika hadi kiunoni.

"Betri iko hai," akasema kabla sijauliza. "Stata inazunguka. Injini haishiki."

"Piga nisikie."

Akapiga. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza.

"Tangi la mafuta umelisafisha lini?"

Akaangalia chini. "Mama, tangi hilo ukilisugua linatoboka. Wewe mwenyewe ulisema."

Ni kweli. Nilisema, tena niliandika. Hayo nitayafikia.

Nilifungua chujio la dizeli. Kilichotoka hakikuwa dizeli, kilikuwa uji mweusi wa kutu na maji. Nikafungua la pili, hali ileile. Mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake, akili yangu ilikuwa ghorofa ya pili, chumba cha figo, kiti cha tatu kutoka dirishani.

"Tunaliruka tangi," nikamwambia mtunza. "Nitafutie dumu la dizeli safi na mpira. Haraka."

"Dizeli safi nitaitoa wapi?"

"Kwenye gari la wagonjwa."

Alinitazama kama nimemwambia akaibe msikitini. Kisha akaenda. Alirudi na dumu nusu na dereva wa gari la wagonjwa nyuma yake, anagomba. Dereva alipoona uso wangu akaacha kugomba, akashika mpira.

Tulifunga mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu. Nikaanza kutoa hewa kwenye mabomba, tone kwa tone, spana ya kumi na saba inanitelezea vidoleni. Injini ya dizeli ikiwa na hewa tumboni hata uimbie haiwaki. Dereva alikuwa ananihesabia muda bila kuombwa. Dakika thelathini. Thelathini na tano. Nikamwambia anyamaze.

Ya arobaini na tatu, likashika.

Moshi mweusi ukajaa chumba. Swichi ya kugeuza umeme ilitakiwa ijigeuze yenyewe, lakini hiyo nayo ilikuwa imekufa zamani, nikaigeuza kwa mikono miwili. Kule kwenye kufulia wanawake wakapiga vigelegele. Mtunza akakaa chini sakafuni akafuta macho kwa shati lake.

Mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi.

*

Chumba cha figo kina viti sita na mashine sita. Pale mlangoni nilimwona mdogo wangu kwanza. Alikuwa amekaa, amejifunika blanketi, midomo imekauka, lakini yupo. Nikashika ukuta.

Kiti cha sita, cha mwisho, kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Kiti hicho nilikifahamu. Ni cha fundi cherehani mmoja, mzee mwembamba ambaye wauguzi walimwita Babu Vifungo. Alikuwa haji hospitali bila sindano na uzi. Akiwa amefungwa mashine mkono mmoja, kwa mkono mwingine alishika vitambaa huku muuguzi akimsaidia kupitisha uzi, na saa nne za kusafishwa damu zikiisha, koti la mtu lilikuwa limepata vifungo vyake. Alinishonea hata mimi, mfuko wa ovaroli. Alisema mfuko wa mkaguzi lazima uwe imara kwa sababu unabeba siri za jiji.

Sista mkuu wa chumba akanijia. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimechubuka.

"Hizi mashine zina betri ndani," akasema. "Zinatakiwa zishike robo saa. Zetu zilishika dakika tatu. Damu ya mgonjwa iko nje kwenye mipira, unajua. Isiporudishwa inaganda. Tulikuwa wawili, wagonjwa sita. Kuna mpini wa kuzungusha kwa mkono, tukazungusha. Mmoja ukimmaliza unakwenda kwa mwingine."

"Na Babu Vifungo?"

"Tulimfikia wa mwisho. Ya kwake ilikuwa imeshaganda. Na moyo wake unajua haukuwa na akiba." Akajipangusa uso kwa mkono wa gauni. "Tulimpigania. Tumemaliza kumpigania sasa hivi."

Nililitazama pazia la kiti cha sita.

Ndipo akanishika bega, kwa wema, kwa wema kabisa, akasema, "Lakini wewe usihofu. Nilianza na mdogo wako. Nilijua wewe ndiye utakayekuja kutuwashia, nikasema ukipanda umkute mzima."

Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa amesikia. Alifumba macho, akavuta blanketi hadi kidevuni.

*

Sasa nisimame hapa niwaambie jambo nililolificha sehemu zote zilizopita.

Niliwaambia kwamba fedha hazikutosha na hospitali ikaja ya nne. Hiyo ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa miguu. Orodha niliiandika mara mbili.

Ya kwanza niliiandika kwa haki. Nilizunguka majengo yote manne, nikakaa na kila mashine, nikapima. Jenereta la hospitali lilikuwa na miaka ishirini na saba, tangi limeoza, swichi imekufa. Nikaiandika hospitali ya kwanza, na makao makuu ya jiji ya mwisho, maana pale kinachozimika ni kiyoyozi cha wakubwa na lifti.

Siku ya kuipeleka, nikapita koridoni. Mlango wa ofisi ya wahasibu ulikuwa wazi kidogo.

"Ya kwanza itakuwa hospitali, nakuapia," mmoja alikuwa anasema. "Si ndiko anakotibiwa yule ndugu yake."

"Angekuwa na ndugu zimamoto tungeona," mwingine akajibu. Wakacheka.

Nilisimama pale na karatasi yangu. Miaka kumi na tisa kazini, hakuna mtu aliyewahi kunyooshea jina langu kidole. Nilikuwa nalinda jina hilo kama watu wanavyolinda nyumba.

Nikaingia kwa mkuu wangu wa idara. Akasoma orodha, akaiweka mezani taratibu.

"Kazi nzuri," akasema. "Mimi sikwambii ubadilishe kitu. Nakwambia tu, watu watasema."

Ni hayo tu. Hakunitisha, hakuniahidi cheo. Ningependa niwaambie alinilazimisha, ingenipunguzia mzigo. Hakunilazimisha.

Nilirudi mezani kwangu. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai nikaandika orodha ya pili: maji, zimamoto, makao makuu, hospitali. Kwenye safu ya maelezo, mbele ya hospitali, nikaandika kwa mkono wangu: *Mashine ni ya zamani lakini itamudu mwaka mmoja zaidi.*

Na kwenye kikao cha madiwani, mama mmoja diwani aliponiuliza, "Mkaguzi, una hakika na hospitali?" nilisimama nikasema, "Nina hakika, mheshimiwa." Nilisema kwa sauti ya kujiamini. Wale wahasibu walikuwa wamekaa nyuma. Nilisema ili wao wasikie.

Basi ndiyo hivyo. Sikumpendelea ndugu yangu. Kwa kuogopa kuonekana nampendelea, nilimnyima yeye na wagonjwa wengine wote walichostahili.

*

Wiki ile nikageuka shujaa.

Gazeti moja lilitoa picha yangu nikiwa na masizi usoni. Chini yake waliandika kwamba mwanamke mmoja aliacha gari njiani, akakimbia kwa miguu, akarudisha uhai hospitalini. Mama alilikata lile gazeti akalibandika sebuleni juu ya kabati la vyombo. Kila mgeni alipelekwa kulitazama.

"Kama si huyu," mama aliwaambia, "leo ningekuwa na mwana mmoja."

Nilimwomba alibandue. Akasema nimeanza kujifanya mnyenyekevu ukubwani.

Jambo la pili likanikata maini zaidi. Siku tisa baada ya msiba, fedha za jenereta la hospitali zikapatikana. Zile ambazo miezi yote ile hazikuwepo. Fungu la dharura likaitishwa, saini zikamiminika, na mashine mpya, ya kijani, kubwa kama basi dogo, ikashushwa nyuma ya jengo la kufulia. Walinipa mimi kazi ya kuipokea. Nikaipokea. Iliwaka kwa sekunde nane. Nilihesabu.

Mkuu wa idara alikuja ofisini kwangu alasiri moja, akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kamati ya uchunguzi inakaa Jumatatu," akasema. "Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mama mkali kweli. Watauliza nani alipanga majengo."

"Nitawaambia."

"Utawaambia fedha hazikutosha. Basi." Akavuta kiti akakaa. "Ile orodha ya kwanza haipo. Nimeitoa kwenye jalada."

"Umeitoa lini?"

"Inakuhusu nini lini? Nimeitoa. Iliyobaki ni moja, na mtu akiisoma ataona mkaguzi aliyefanya makadirio yakamwendea kombo. Hilo ni kosa la kibinadamu. Lakini zikionekana mbili, watauliza kilichotokea katikati."

"Kilichotokea katikati ni wewe kuniambia watu watasema."

"Na hawakusema?" akauliza kwa upole. "Dada yangu, nina watoto wanne. Wewe una mama na mgonjwa. Jiji limepata shujaa, hospitali imepata jenereta. Mzee wa watu ameshazikwa. Nani anafaidika ukijitia kitanzi?"

Akaondoka. Na mimi, sitawadanganya tena, nilihisi nafuu. Siku mbili nzima niliishi ndani ya nafuu hiyo, nikala, nikalala vizuri.

*

Aliyenitoa humo ni mdogo wangu.

Tangu Jumanne ile alikuwa amepoa. Ni mtu wa utani, yule. Hata alipoambiwa figo zimekufa alimuuliza daktari kama zitazikwa pamoja au kila moja na jeneza lake. Sasa akawa mtu wa ndiyo na hapana. Alikwenda hospitali, alirudi, alikaa kibarazani.

Jumapili alasiri, mkesha wa kamati, nilimkuta huko anamenya chungwa. Ganda lilikuwa limekwisha, bado anamenya.

"Unamenya nyama yake sasa," nikamwambia.

Akaliweka mezani. "Dada, nikwambie kitu usimwambie mama."

"Sema."

"Sista aliponijia mimi kwanza, nilimwambia aanze na Babu Vifungo."

"Hilo ni jambo la heshima. Kwa nini..."

"Subiri. Nilimwambia kwa sauti ndogo." Alikuwa anaongea akitazama vidole vyake. "Chumba kilikuwa na kelele, watu wanalia, sista mwenyewe anahema. Na mimi nikasema kwa sauti ndogo kabisa, dada. Nilitaka niwe nimesema. Sikutaka asikie."

Nilimshika mkono, ule wenye mshipa uliovimba kwa sindano. Nikajua kama sitasema wakati ule sitasema tena maishani.

Nikamwambia yote. Koridoni, kicheko, orodha mbili, sentensi yangu, jalada lililotolewa karatasi. Sikuacha kitu.

Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo kama mimi nisingekuwa mgonjwa, hospitali ingekuwa ya kwanza?"

Nilitafuta jibu lingine. Halikuwepo.

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu akakubali imetoka sawa. Kisha akainuka akaingia ndani. Chungwa lilibaki juu ya meza, na sisimizi walikuwa wameanza kulifikia.

"Kesho nitawaambia kamati," nikasema mlangoni kwake.

"Sawa," akajibu. "Nitakuja na wewe."

*

Ukumbi wa kamati uko makao makuu ya jiji, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi barabara.

Mwenyekiti, yule jaji mstaafu, alikuwa mama mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani kwa uzi. Pembeni yake karani wa kuandika. Mkuu wangu wa idara alikaa safu ya mbele, tai imemkaba. Sista mkuu alikuwepo. Mdogo wangu alikaa safu ya pili, na kwenye kiti cha jirani yake alikaa binti wa Babu Vifungo.

Binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa akimleta baba yake kila siku ya mashine, na miezi mingi yeye na mdogo wangu waligawana chai ya chupa moja kwenye benchi la kusubiria. Nilipopita aliinuka akanishika mikono yote miwili.

"Sikupata nafasi ya kukushukuru," akasema. "Kwa baba muda ulikuwa umekwisha, lakini wale watano ni wewe."

"Mwalimu, usinishukuru."

"Acha nikushukuru. Nimewakasirikia watu wote wa jiji hili, nibakize mmoja."

Nilikaa.

Walianza na sista. Akaeleza mpini, akaeleza betri za dakika tatu. Mwenyekiti akamuuliza alianzia kwa mgonjwa gani. Sista akajibu, "Kiti cha tatu, mheshimiwa." Hakusema kwa nini, wala hakuulizwa. Mdogo wangu aliinamisha kichwa.

Kisha nikaitwa mimi. Nikala kiapo.

"Mkaguzi," mwenyekiti akasema, "hii orodha ni yako?"

"Ni yangu."

"Hospitali umeiweka ya nne. Umeandika itamudu mwaka mmoja. Ilimudu miezi saba." Akabadilisha miwani. "Ulikuwa na sababu gani?"

Mkuu wa idara alikohoa kidogo. Nilijua kikohozi hicho kinasema nini. Fedha hazikutosha, basi.

Nilipiga moyo konde. "Mheshimiwa, ukweli ni kwamba mashine ile nilijua haimudu. Kulikuwa na orodha nyingine kabla ya hii. Ndani ya ile, hospitali ilikuwa ya kwanza."

Mkuu wa idara alifumba macho. Nyuma yangu nikasikia binti wa Babu Vifungo akivuta pumzi.

"Nani aliibadilisha?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna amri, nilibadilisha kwa kuogopa maneno ya watu. Nilikuwa nimeshayapanga maneno hayo tangu alfajiri. Kabla hayajatoka, kiti kilikwaruza sakafu nyuma yangu.

"Mheshimiwa, ni mimi."

Mdogo wangu alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la sherehe, linampwaya siku hizi.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mgonjwa wa kiti cha tatu. Ni dada yangu huyu. Mimi ndiye niliyemwomba aishushe hospitali. Nilimsumbua wiki nzima. Nilimwambia sitaki watu waseme nimeletewa jenereta na dada yangu, akiniaibisha sitakanyaga tena kule kwenye mashine, bora nife nyumbani. Aliniogopea, akabadilisha. Kosa ni langu."

Hakuna hata neno moja la kweli. Hakuwahi kujua kuna orodha hadi jana yake, kibarazani.

Binti wa Babu Vifungo aligeuka, polepole, akamtazama. Walikuwa wamekaa bega kwa bega. Akavuta mkoba wake uliokuwa katikati ya viti viwili, akaupakata.

"Mkaguzi," mwenyekiti akasema, "unakumbuka uko chini ya kiapo. Ni kweli anayosema?"

Nilimtazama mdogo wangu. Macho yake yalikuwa yananisihi, na ndani yake niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu Jumanne ile: alikuwa ametulia. Alikuwa amepata adhabu aliyokuwa akiitafuta, na alikuwa ananiomba nisimnyang'anye. Nilimtazama mkuu wa idara, amefumbua macho, anasubiri. Nilimfikiria mama na gazeti lake ukutani. Nikajua pia kwamba kesho yake, na kila wiki ya maisha yake iliyobaki, mdogo wangu atarudi kwenye chumba kile, kati ya wale wanne waliobaki, na watakuwa wanajua.

Ningesema hapana. Nilikuwa nimekuja kusema ukweli.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema.

Karani akaandika. Mwalimu akainuka, akapita mbele ya magoti ya mdogo wangu bila kumwangalia, akatoka nje.

Mwenyekiti akafungua ukurasa mpya, akachovya kidole ulimini. "Kijana," akamwambia mdogo wangu, "sogea hapa mbele. Na wewe utakula kiapo."